Ufa, mpasuko na mteguko: Kiswahili chetu kinavyoyumba ardhi inapotikisika

MNAMO Machi 2018, baada ya mvua kubwa, barabara ya kutoka Mai Mahiu kuelekea Narok ilikatika karibu na Suswa. Korongo refu lilijitokeza, mahali pengine likiwa na kina cha zaidi ya mita 15. Mashamba yaligawanyika na familia zikahama. Siku chache baadaye dunia nzima ilikuwa ikisoma kwamba bara la Afrika linapasuka mapande mawili. Redio zetu zilisema hivyo, runinga zikasema hivyo, na kwenye matatu za Ngong Road na Waiyaki Way abiria walibishana ati ni nani atabaki upande wa bahari na nani ataachwa upande wa bara.

Korongo lilikuwa la kweli, na hasara ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa na walakini ni kauli. Wanajiolojia wengi waliofika Suswa walieleza kuwa eneo lile limefunikwa na jivu laini la volkeno, na kwamba maji ya mvua yaliyokuwa yakipenya chini kwa chini yalilichukua jivu hilo mpaka paa la ardhi likaporomoka. Huenda jivu lilikuwa limejaza nyufa za zamani. Lakini kusema kwamba bara limepasuka usiku ule ni sawa na kusema nyumba imevunjwa kwa sababu plasta imebanduka. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba upotovu huo haukuletwa na uhaba wa sayansi peke yake. Lugha nayo ilichangia, na hasa neno moja tunalolipenda mno: ufa.

Ufa ni neno kongwe na zuri. Fundi wa nyumba analijua, bibi mwenye mtungi analijua, na methali inatuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatizo ni kwamba tumelibebesha mizigo mitatu tofauti. Kwanza, ufa ni ule mwanya tu: kitu kimoja kimeachama, pande mbili zimetazamana, na hakuna upande uliopanda wala kushuka. Pili, tunaita ufa pale ambapo miamba imekatika na kisha pande zake zikasogea, huu ukishuka na ule ukibaki juu, au huu ukienda kaskazini na ule kusini. Tatu, tunaita ufa bonde zima lenye upana wa makumi ya kilomita, linalotambaa kutoka Ethiopia, likapita Turkana, Baringo, Nakuru, Naivasha na Magadi hadi Tanzania. Dhana tatu, neno moja. Msomaji aambiwapo kwamba ufa umetokea katika Bonde la Ufa, afanye nini ila kuhitimisha kwamba bonde ndilo linalofunguka?

Tusimlaumu aliyelipa bonde letu jina. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alifika huku mwaka 1893, akachunguza kingo za bonde, na mwaka 1896 akachapisha kitabu kilichoeneza jina hilo ulimwenguni. Wanasayansi bado huiita sehemu ya Kenya kwa jina lake. Kiswahili kilitafsiri jina hilo kwa urahisi likawa Bonde la Ufa, nalo limekita mizizi kiasi kwamba hata mkoa mzima uliitwa hivyo kabla ya Katiba ya 2010 kutuletea kaunti. Sina haja ya kulibadilisha. Jina la mahali ni jina la mahali. Ninalopinga ni kulitumia jina hilo kama maelezo ya kisayansi.

Sasa hebu tutazame jambo lenyewe linavyotokea, kwa maana huwezi kukosoa istilahi bila kuijua dhana.

Ganda la nje la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa. Hapa kwetu bamba la Afrika, ambalo wanasayansi huiita sehemu yake ya magharibi Nubia, linaachana na bamba la Somalia lililo upande wa mashariki. Chini sana, mwamba una joto na hunyumbuka kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Juu, mwamba ni baridi na mkavu. Mwache donge la unga bila kulifunika, juu litaota utando mkavu. Livute taratibu pande mbili: chini litarefuka, juu utando utakatika vipande. Vipande hivyo havikai vilivyokuwa. Kila vinapovutwa, vile vya katikati huteremka kwa kuteleza juu ya miinamo ya mikato. Ni kama vitabu rafuni: ukiondoa kizuizi cha pembeni, vinalala na kuteleza kimoja juu ya kingine. Hivyo ndivyo sakafu ya bonde ilivyoshuka, na kingo zikabaki juu zikituangalia.

Wakazi wa magharibi mwa Nairobi hawahitaji kitabu kuliona hili. Milima ya Ngong, inayoonekana vizuri kutoka Karen na hata kutoka ghorofa za juu za katikati ya jiji, ni masalio ya volkeno ambayo upande wake wa magharibi umekatwa na kuteremshwa. Kutoka Karen unaona mteremko wa taratibu. Vuka kilele, kilicho karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na ardhi inakuponyoka. Barabara ya kwenda Magadi inashuka ngazi baada ya ngazi hadi kwenye ziwa lililo takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Kila ngazi kubwa ni mahali ambapo mwamba ulikatika na upande mmoja ukateremka. Hata mawe na ardhi ya mitaa yetu yanasimulia kisa hicho. Tabaka mojawapo la jivu la volkeno lililoganda chini ya Nairobi limepewa na wanajiolojia jina la kijito cha Kirichwa, kile kinachopita Kilimani na Kileleshwa.

Je, mwendo huu ni wa kasi gani? Kaskazini, nchini Ethiopia, mabamba huachana kwa takriban milimita 6 hadi 7 kwa mwaka. Kadiri unavyokuja kusini, kasi inapungua, na huku kwetu ni milimita chache tu. Kucha zako hukua kwa mwezi mmoja karibu kiasi kile ambacho mabamba haya huachana kwa mwaka mzima. Kwa mwendo wa milimita 3 kwa mwaka, kupanuka kwa kilomita moja kutahitaji zaidi ya miaka 300,000.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Vichwa vya habari vya Kiswahili hupenda kiambishi -a- cha wakati usiodhihirika: Afrika yapasuka, bonde lafunguka. Kiambishi hicho kinafaa sana kwenye magazeti kwa sababu ni kifupi na kina mshindo. Lakini hakisemi ni lini. Mwanajiolojia akisema bara linapasuka, anazungumzia mamilioni ya miaka. Msomaji akisoma bara lapasuka, anatafuta viatu. Mhariri mwangalifu angeongeza maneno mawili matatu tu, polepole mno au kwa mamilioni ya miaka, na hofu yote ingetulia. Kiswahili kina nafasi ya kutosha. Ni sisi tunaokifinya.

Kosa la pili la vitenzi ni kubwa zaidi. Mara kwa mara utasikia mtangazaji akieleza kwamba matetemeko katika Bonde la Ufa yanasababishwa na mabamba yanayogongana. Hapana, jamani. Hapa mabamba yanaachana. Ajabu ni kwamba Kiswahili kimejaliwa mofimu inayolipanga somo hili lote bila jasho. Ni mofimu -an- ya kutendana. Mipaka ya mabamba ni ya aina tatu, na kila aina ina kitenzi chake kilicho tayari kinywani mwa mtoto wa darasa la nne. Mabamba huachana, kama hapa kwetu na katikati ya bahari ya Atlantiki. Mabamba hugongana, kama bamba la India na la Ulaya na Asia lililoinua Himalaya. Na mabamba hupishana, kama magari mawili kwenye barabara nyembamba, kama ilivyo California.

Kila kitenzi huzaa aina yake ya mkato. Panapoachana, upande ulioegemea juu ya mwinamo huteremka. Panapogongana, upande huo husukumwa kupanda. Panapopishana, hakuna kupanda wala kushuka, pande husogea ubavu kwa ubavu. Kuachana, kugongana, kupishana: mwanafunzi akiyajua maneno haya matatu, ameijua nusu ya jiografia ya mitetemeko. Kwa nini basi tumtafutie mikopo mirefu isiyomwambia kitu?

Haya basi, turudi kwenye dhana ile ya pili iliyokosa jina lake: mwamba uliokatika na pande zake zikasogea. Kiingereza huiita kwa neno ambalo maana yake ya kawaida ni kosa. Neno hilo lilitoka kwa wachimba makaa ya mawe wa Uingereza. Mchimbaji alikuwa akifuata tabaka la makaa, ghafla tabaka linakatika na mbele yake pana jiwe tupu. Kwake hiyo ilikuwa kasoro ya mgodi. Wachimbaji hao hao ndio waliouita upande ulio juu ya mkato ukuta wa kuning'iniza, kwa kuwa ndiko walikotundika taa, na upande wa chini ukuta wa nyayo, kwa kuwa ndiko walikokanyaga. Sayansi ya vyuo vikuu ilichukua msamiati wa watu waliotoka shimoni na masizi usoni.

Kwetu mambo yalienda kombo. Si ajabu siku hizi kukutana na matini ya Kiswahili, aghalabu iliyopitishwa katika programu ya kutafsiri, ikisema kwamba mji fulani umejengwa juu ya mstari wa makosa. Makosa ya nani? Ya mipango miji? Wengine hutumia hitilafu, neno ambalo Mkenya huliunganisha mara moja na kukatika kwa stima. Wengine hurudi kwa ufa, na tukarudi Suswa.

Ninapendekeza neno mteguko. Kiungo cha mwili kikihama mahali pake, Waswahili husema kimeteguka. Mkono ulioteguka una mambo mawili: pande mbili zilizokuwa zimekaa pamoja, na upande mmoja kuondoka mahali pake. Hiyo ndiyo dhana tunayoitafuta. Ufa hauhitaji kusogea kwa ubavu wala kushuka. Mteguko hauwi mteguko bila kusogea. Tutakuwa na mteguko wa kushuka panapoachana, mteguko wa kupanda panapogongana, na mteguko wa kupishana. Ufa ubaki kwa mwanya. Bonde la Ufa libaki jina la bonde.

Najua pingamizi litakalokuja. Daktari atasema mteguko ni wake. Lakini lugha yetu imezoea kuikopesha dunia viungo vya mwili: tuna kitovu cha tetemeko, uso wa dunia, mgongo wa mlima na mdomo wa mto. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuchanganya kitovu chake na kitovu cha tetemeko. Mwingine atasema tukope tu neno la Kiingereza na kulitia irabu mwishoni. Sina chuki na mikopo. Volkeno ni mkopo na inatufaa. Ila neno lililokopwa halimweleshi anayelisikia mara ya kwanza, na habari za ardhi husikika mara nyingi kwa mara ya kwanza, redioni, kwa haraka, mtu akiwa amesimama mlangoni hajui atoke au abaki.

Tofauti hii ya ufa na mteguko si ya kujipamba kisomi. Tazama mifano mitatu. Januari 6, 1928, tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6.9 lilipiga Subukia, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Kenya kwa vyombo. Ardhi ilikatika kwa karibu kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ukashuka kwa zaidi ya mita 2. Huo ulikuwa mteguko halisi, ukisogea mbele ya macho ya watu. Mei 22, 2021, volkeno ya Nyiragongo ililipuka karibu na Goma, na siku zilizofuata barabara za mji zikaachama huku ardhi ikitetemeka mfululizo, hata maelfu kwa maelfu ya wakazi wakaamriwa kuondoka. Nyufa zile zilihusiana na uji wa moto uliokuwa ukijipenyeza chini ya mji. Na Suswa 2018 ilikuwa kazi ya maji na jivu laini. Matukio yote matatu huweza kuitwa kwa Kiswahili kwa neno lile lile, ufa. Lakini anachopaswa kufanya mwananchi ni tofauti kabisa. Suswa, elekeza maji ya mvua kwingine na usijenge juu ya jivu. Goma, sikiliza wataalamu wa volkeno na uwe tayari kuhama. Subukia, jenga nyumba inayostahimili mtikiso. Neno moja likitumika kwa hatari tatu, ushauri nao hupotea njia.

Kuna hatari nyingine iliyo kinyume cha hofu, nayo ni kutojali. Mtu aliyefunzwa kwamba hatari ni ufa atatazama shambani, akikosa ufa atalala usingizi. Kumbe mteguko unaweza kufunikwa na udongo, nyasi na mtaa mzima wa nyumba za kupangisha. Miamba ya pande mbili hukwama kwa msuguano, ikajipinda kidogo kidogo miaka na mikaka, kisha siku moja msuguano ukashindwa na pande zikaruka kwa ghafla. Maelezo haya yalitolewa na Mmarekani Harry Fielding Reid baada ya tetemeko la San Francisco la 1906. Kwa hivyo kimya si ushahidi wa usalama. Julai 2007 matetemeko yaliyotokea kaskazini mwa Tanzania, karibu na Gelai na Oldoinyo Lengai, yalisikika hadi Nairobi, na lile kubwa lilifikia 5.9. Watu walitoka mbio katika majengo ya katikati ya jiji. Hakukuwa na ufa hata mmoja Kenyatta Avenue.

Kuhusu hizo namba, pia tuna deni. Vyombo vyetu bado husema kila tetemeko limepimwa kwa kipimo cha Richter. Charles Richter aliunda kipimo chake mwaka 1935 kwa ajili ya California, na leo wanasayansi hutumia kipimo kingine kwa matetemeko makubwa. Inatosha kusema ukubwa wa 5.9. Muhimu zaidi ni kumweleza msikilizaji kwamba namba hizi hazipandi kama bei ya sukari. Kutoka 5 hadi 6, mtikiso unaorekodiwa huongezeka mara 10, na nishati inayotoka huongezeka takriban mara 32. Tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya 15. Kilichoua hasa ni kuta za nyumba zilizowaangukia. Tofauti hiyo nayo ni ya lugha: ukubwa wa tetemeko ni jambo moja, madhara yake mahali fulani ni jambo jingine. Tusiseme tetemeko lilikuwa dogo kwa sababu namba ni ndogo.

Nisije nikaeleweka kuwa miteguko ni balaa tupu. Huko Olkaria, maji hupenya katika miamba iliyokatika, yakapashwa moto na joto la chini na kurudi kama mvuke. Tangu 1981 mvuke huo umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme. Taa inayowaka unaposoma gazeti hili huenda inatokana na mteguko uliotengeneza njia ya maji maelfu ya miaka iliyopita.

Nani basi afanye kazi ya kuyanyoosha maneno haya? Tanzania hufundisha masomo mengi ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kenya tunafundisha jiografia kwa Kiingereza, kisha tunamtaka ripota aliyejifunza kwa Kiingereza aieleze kwa Kiswahili ndani ya dakika tano kabla ya taarifa ya saa moja. Hapa Nairobi, kutoka Chiromo inakofundishwa jiolojia hadi kampasi kuu kunakofundishwa Kiswahili ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Wanajiolojia wana dhana bila maneno, nasi wanalugha tuna maneno bila dhana. Kikao cha siku mbili, ripota wa redio wakiwemo, kingetupatia maneno thelathini ya kuanzia.

Katiba yetu, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Haki hiyo ina maana gani ikiwa onyo la hatari haliwezi kutolewa kwa Kiswahili bila kupotosha? Mama mboga wa Kangemi, mlinzi wa usiku wa Lavington na mwenye ploti kule Ngong wana haki ya kuambiwa sawasawa nyumba zao zimesimama juu ya nini. Mwamba utaendelea na mwendo wake wa milimita chache kwa mwaka, nasi hatuwezi kuuzuia. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba siku ardhi itakaposogea tena, anayeshika kipazasauti atakuwa na neno linalomwambia msikilizaji ni kipi kilichosogea, na afanye nini.